Fungu la Machweo

Kule machimbo ya wachimbaji wadogo nje ya mji wa Geita, watu wote hutazama dhahabu. Vumilia Mihayo alitazama miti. Ukishuka ndani ya duara, lile shimo lenyewe la kuchimbia, unakuta magogo yamesimama kushoto na kulia, mengine yamelazwa juu, yote yanazuia mwamba usikuangukie kichwani. Magogo hayo huitwa matimba, na bila matimba dhahabu ni hadithi tu. Vumilia alianza kwa kuwauzia wachimbaji chai na vitumbua, akahamia kwenye magogo, mwisho akapata duara lake mwenyewe. Katika miaka kumi na minne alifika mahali akalijua gogo kwa kuligusa: hili litabeba miaka mitatu, hili litaoza masika haijaisha, hili lilikatwa lingali changa na aliyelikata hana aibu. Wanaume waliomcheka siku za mwanzo sasa walimwita Mama Enock kwa adabu, na walimwomba apite kwenye mashimo yao aguse kabla hawajashuka.

Kwa hiyo ilimuuma mara mbili lilipomgeuka duara lake mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa tisa, vijana wako juu wanakunywa uji, magogo mawili yakapasuka na pande la mwamba likashuka kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani. Hakufa mtu. Mkaguzi alikuja, akamulika tochi, akatikisa kichwa, akampa wiki tatu: matimba yote mapya, la sivyo shimo lifungwe na eneo apewe mwingine. Hayo ni magogo mia mbili yaliyonyooka, na miti ya karibu ilishaliwa yote na mashimo kama lake.

Hapo ndipo alipotokea mchuuzi mmoja wa magogo kutoka Ushirombo, mtu wa maneno mengi na mzigo kidogo.

"Mama Enock, miti ipo, ila imekaliwa," alisema akipuliza chai. "Kuna ngitili moja huko Shinyanga, kijiji kinaitwa Mwamalole. Miti imenyooka utadhani imepandwa kwa kamba. Lakini mama anayeilinda, loo! Nimemfuata mara tatu. Hauzi, hakati, hata kuni haokoti. Mara ya mwisho alinionyesha fimbo. Anaitwa Limi."

Vumilia aliweka kikombe chini polepole. Limi alikuwa dada yake, mtoto wa kwanza wa mzee Mihayo. Walikuwa wawili tu, na hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kumi na minne.

Msukuma hahitaji kuelezwa ngitili. Kwa wengine niseme tu kwamba ni kipande cha malisho ambacho mwenyewe hukifunga masika nzima, mifugo isiingie, ili kiangazi kikikaza afungue na ng'ombe wapate cha kula. Mzee Mihayo aliifunga ya kwake uzeeni, wakati haikuwa na kitu cha kufungia. Ilikuwa ardhi nyekundu tupu, imechimbika kwa mvua, ina vijiti vya miiba na mwamba mmoja mkubwa katikati ya upande wa machweo. Watu walimcheka hadi wakachoka. Yeye alisema miti itarudi, na miti ikirudi, maji nayo yatarudi pale chini ya mwamba, kama alivyoyakuta alipokuwa mtoto mdogo anachunga mbuzi. Binti zake hawakuwahi kuyaona maji hayo. Waliuona mwamba tu, na mchanga mkavu chini yake. Hata hivyo aliwagawia angali hai: upande wa mawio wa Limi, upande wa machweo wa Vumilia.

Mzee alipofariki, Vumilia alifika msibani amechelewa kwa siku mbili kwa sababu ya njia. Alikuta watu wanakula nyama. Akauliza ni ng'ombe gani aliyechinjwa, akaambiwa ni mtamba wake yeye, yule wa baka jeupe aliyepewa na baba kwa mkono wake. Limi alikuwa ameamua hivyo kwa sababu waombolezaji walijaa na zizini hapakuwa na mwingine wa kufaa. Uchungu wa baba na uchungu wa mtamba vikachanganyika, na Vumilia akasimama katikati ya watu, wengine na mifupa mikononi, akasema kwa sauti: "Limi, wewe ni mla vya wenzako. Umekula mtamba wangu leo, na kesho utakula fungu langu la ngitili." Vumilia akaondoka asubuhi kabla ya kunyoa nywele za msiba, na hakurudi tena.

Sasa anaambiwa miti imenyooka na dada yake ameikalia. "Si nilisema?" alijiambia, na kwa kweli alijisikia vizuri kuwa na haki baada ya miaka mingi hivyo. Alikodi Fuso la Donatus, dereva mnene mwenye huruma na kila mtu isipokuwa gari lake, akamchukua na Amosi, fundi wa msumeno wa mashine ambao wenyewe wanauita chenso. Walishuka kupitia Kahama, wakalala Kambarage mjini Shinyanga kwenye gesti yenye ukuta wa bluu, na asubuhi wakashika njia ya vumbi kuelekea Mwamalole.

Njia nzima Vumilia alikuwa anapanga maneno. Kwanza atasema, Naona umeshiba. Halafu atamwonyesha mpaka. Halafu chenso itaanza kunguruma na Limi atabaki anatazama, kama watu walivyobaki wanatazama siku ile. Alikuwa mama mtu mzima wa miaka arobaini, na bado alikuwa anapanga ugomvi kama msichana anayekwenda kisimani.

Basi walipita mashamba ya pamba yaliyovunwa, wakapita mbuga iliyoliwa na ng'ombe hadi kwenye udongo, wakapita msitu mweusi upande wa kulia, wakafika kwenye maduka matatu na mashine ya kusaga. Vumilia akamgonga Donatus begani.

"Simama. Hapa si Mwamalole. Tumepotea."

Alimsalimia mwanamume mmoja wa makamo aliyekuwa anapachika mnyororo wa baiskeli, mwenye filimbi ya sungusungu shingoni. "Mhola?"

"Mhola duhu. Unatafuta wapi, mama?"

"Ngitili ya mzee Mihayo."

Mwanamume alimtazama, akatazama Fuso, akatazama chenso. "Umeipita," alisema. "Ile uliyoipita sasa hivi."

"Niliyoipita ni msitu."

"Ndiyo hiyo."

Vumilia alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Njiani macho yake yalikuwa yanatafuta wekundu. Alikuwa anatafuta ardhi iliyochimbika na vijiti vya miiba, labda na miti michache ya kujitutumua katikati, na kwa kuitafuta hiyo alikuwa amepita mlangoni kwake mwenyewe bila kugeuza shingo. Mwanamume yule alijitambulisha kuwa Makoye, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Alipojua anazungumza na nani aliacha baiskeli yake ukutani na kupanda gari bila kuombwa.

Walirudi. Safari hii Vumilia alitazama vizuri, na mambo yakaanza kumchanganya. Upande wa mawio, fungu la Limi, ndio ile mbuga iliyoliwa. Kulikuwa na visiki, vichaka vilivyokatwakatwa kwa kuni, vinyesi vya ng'ombe kila hatua, na majani mafupi ya kiangazi yaliyobaki kwenye mizizi. Kisha ukuta wa minyaa, mnene, wa kijani, umepita kwa kimo mtu mrefu, unaanzia barabarani na kwenda hadi jicho linapochoka. Nyuma ya minyaa ndipo msitu ulipoanza. Upande wa machweo.

"Nani amehamisha mpaka?" aliuliza.

"Mpaka haujahamishwa," Makoye alijibu. "Huo ndio wa mzee Mihayo."

"Basi huku kwenye miti ni kwangu."

"Ndiyo. Na hapo kwenye minyaa hapapiti mtu, mama. Ila wewe sijui kama nina mdomo wa kukukataza."

Vumilia aliwaambia Donatus na Amosi wamsubiri kwenye gari hadi awaite. Makoye alimwambia anakwenda kumwita Limi, ambaye saa hizo huwa na ng'ombe wake mwisho wa uzio. Vumilia alitafuta upenyo, hakuupata, mwisho alijifunika uso kwa kanga kuogopa maziwa ya minyaa, akajipenyeza kwa ubavu hadi akatokea ng'ambo.

Alisimama. Hakuwa amepanga kusimama, miguu ilisimama yenyewe.

Kulikuwa na baridi. Nje jua la saa tano la Shinyanga lilikuwa linakaanga watu, na hapa hatua mbili tu ndani ngozi yake ilisisimka. Migunga ilikuwa imenyanyuka na kukutana juu, na chini yake mitundulu, na mikwaju michanga, na miti ambayo alijua majina yake kwa Kisukuma tu kwa sababu mama yake aliitaja akiwa anatafuta dawa. Majani yaliyoanguka yalikuwa mengi hadi mguu unadidimia. Kwale walimwangalia bila kukimbia. Digidigi mmoja alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kumwona kope, akampulizia pua kwa mshangao na kubaki pale pale, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mtu ni kitu cha kukimbiwa.

Vumilia alianza kazi aliyoijia. Alitaka kuona wizi. Alizunguka akitafuta visiki, akitafuta tanuru la mkaa, akitafuta tawi lililokatwa kwa panga. Kazi hiyo aliijua kuliko mtu yeyote. Mti uliowahi kuguswa na chuma hauwezi kumficha. Aligusa wa kwanza, akagusa wa pili, akagusa wa kumi. Hakuna. Kuni zilikuwa zimeanguka na kuozea pale pale zilipoangukia. Hapakuwa na njia, hata ya mguu mmoja. Hapakuwa na kinyesi cha ng'ombe wala unyayo wa mbuzi. Alizidi kwenda ndani akiwa anapiga hesabu ya magogo, hili na hili na hili, na mahali fulani kwenye sabini hivi hesabu ikamtoka kichwani na hakuifuata. Aliogopa, niseme ukweli. Si woga wa nyoka wala wa fisi. Ni ule woga wa mtu aliyeingia kwenye nyumba kubwa bila kubisha hodi.

Kisha akausikia mwamba kabla ya kuuona, kwa sababu mwamba ulikuwa unatoa sauti.

Ulikuwa ule ule, mkubwa, mgongo wake mweusi. Chini yake, pale walipokuwa wakicheza yeye na Limi kwa mchanga mkavu, kulikuwa na maji. Yalikuwa yanatoka kwenye ufa mdogo kama mdomo wa chungu, yanatiririka hatua chache, yanajaza shimo la upana wa mkeka, kisha yanapotelea ardhini upande wa uzio. Yalikuwa safi hadi changarawe zilionekana moja moja. Vipepeo wa manjano walikuwa wametanda ukingoni, na alipokaribia waliruka wote kwa pamoja, wakamzunguka kichwani, wakatua tena.

Vumilia alipiga magoti. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akanywa, akajipaka usoni. Alikuwa ameona dhahabu ikitoka ardhini mara nyingi na hajawahi kupiga magoti. Aliwaza juu ya mzee wake aliyekuwa akichekwa na kijiji kizima, anakwenda na jembe lake kuziba makorongo. "Baba," alisema, mkono ungali majini.

Alipotoka alikuta dada yake amesimama nje ya uzio.

Limi alikuwa amekonda. Kanga yake ilikuwa imefifia, fimbo mkononi, na nyuma yake ng'ombe sita wenye mbavu za kuhesabika. Makoye alikuwa amesimama kando. Vumilia alitafuta yale maneno yake, Naona umeshiba, na akaona haya hata ya kuyakumbuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na gari."

"Nimekuja nalo." Vumilia akageukia minyaa. "Uzio huu umeupanda wewe?"

"Mimi."

"Wote?"

"Kwani ulituma mtu?"

"Kwa nini, dada? Kwa nini umenilindia hivi?"

Limi alichomeka fimbo yake ardhini. "Unakumbuka ulichosema msibani?"

"Nakumbuka."

"Kiseme."

"Dada..."

"Kiseme nikisikie kwa mdomo wako. Mimi nimekisikia peke yangu miaka kumi na minne."

Vumilia alikisema. Nilisema wewe ni mla vya wenzako. Nilisema kesho utakula fungu langu. Aliyasema akiwa anatazama vidole vya miguu yake, mwanamke ambaye Geita nzima ilimjua kwa kutazama watu machoni.

"Haya," Limi alisema. "Watu walipotawanyika nilikata fimbo za minyaa nikaanza kuchomeka, na jioni nikaapa. Mguu wangu hautaingia. Ng'ombe wangu hataingia. Ukuni sitaokota. Nilitaka siku ukija ukute kila jani lako mahali pake, ulihesabu, halafu uniambie mbele ya watu Limi alikula nini. Usije ukadhani ni mapenzi, Vumi. Ni hasira. Hiyo yote unayoiona hapo ni hasira."

Vumilia aligeuka akautazama msitu. Maneno yalimponyoka mdomoni mara moja tu, asubuhi moja, akiwa na njaa na machozi na vumbi la safari. Na haya hapa yamekua, yamepita kimo cha nyumba, yana ndege ndani. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kumchukia mwenzake kwa uaminifu wa namna hii.

Makoye alikohoa. "Hajakwambia yote. Mwaka ule wa ukame mkubwa ng'ombe wake tisa walikufa hapa hapa, wamebandika pua kwenye minyaa. Dagashida ikakaa, baraza la kijiji kizima, tukamwambia mama, fungua, wanyama wanakwisha, wako na wetu. Akasema si yangu, mwenyewe yuko Geita. Tukamtoza faini, akakataa. Tukamtenga. Mwaka mzima hapana wa kumsalimia wala wa kumwazima moto. Mimi ndiye niliyepiga filimbi siku hiyo."

"Ungenitafuta," Vumilia alisema. "Ungenipigia simu."

"Nikwambie nini? Naomba majani?"

Vumilia alikuwa anafungua mdomo chenso ilipolia. Kule barabarani Amosi alikuwa amechoka kusubiri na kuamua kuijaribu mashine yake. Sauti ile ilipasua hewa, na msitu mzima ukaruka. Kanga, njiwa, kwale, ndege wasio na idadi walitoka juu ya miti kwa mara moja, wakafunika jua, na kivuli chao kikapita juu ya nyuso za watu watatu na ng'ombe sita. Makoye aliinua uso akasahau kuufunga mdomo. Miaka yote aliyolinda kijiji hakuwa amejua kwamba vyote hivyo vimo humo.

Limi peke yake hakutazama juu. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Kata," alisema. "Ni mali yako. Mimi sikulinda miti."

Hapo Vumilia aliliona duara lake. Aliliona vizuri, na giza lake, na yale magogo yaliyopasuka, na miaka yote ya chai na vitumbua iliyomfikisha pale. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Humu ndani alishahesabu sabini bila hata kufika nusu. Alijua kabisa atakachokipoteza, na hakujidanganya kwamba kitarudi.

"Makoye, piga filimbi," alisema. "Waambie wazime."

Makoye akapuliza hadi mishipa ikamtoka shingoni, akakimbia kuelekea barabarani. Chenso ikanyamaza. Ndege wakaanza kurudi wawili wawili.

"Na shimo lako?" Limi aliuliza. Kumbe alikuwa na habari zake. Mchuuzi yule wa maneno mengi hubeba maneno pande zote mbili.

"Wataliziba. Dada, hujawahi kuingia humu? Hata mara moja?"

"Nimekwambia niliapa."

"Kwa hiyo hujui."

"Nijue nini?"

Vumilia alitaka kumwambia, akaona kwamba kumwambia ni kumnyang'anya. Akajipenyeza tena ndani, akanyoosha mkono kupitia kwenye minyaa. "Njoo."

"Si kwangu."

"Mwenyewe si ndiye anayekuita?"

Limi alivua kandambili zake, akazipanga pamoja chini ya uzio kama anaingia sebuleni kwa watu, na akafanya jambo ambalo Vumilia hatalisahau hadi siku anazikwa. Dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni, alisimama mbele ya ukuta alioupanda kwa mikono yake na kusema kwa sauti ndogo:

"Hodi."

"Karibu, dada," Vumilia alisema, na machozi yalikuwa yanashuka.

Alimvuta ndani. Limi alitembea akiwa amekunja mabega, anaogopa kukanyaga. Kila baada ya hatua chache alisimama na kutazama juu, na kila aliposimama alisema "Yaya, yaya," hapana, hapana, kama mtu anayekataa kuuziwa kitu. Aligusa mti mmoja kwa ncha ya kidole. Digidigi yule alikuwa bado yupo, na Limi akamwamkia kwa Kisukuma bila kujitambua. Alikuwa amezunguka nje ya mahali hapa kila asubuhi kwa miaka kumi na minne, na alikuwa anajua mti wa pembeni mmoja mmoja, lakini ndani alikuwa mgeni kuliko mgeni.

Walipofika kwenye mwamba alisikia sauti. Akamshika Vumilia mkono kwa nguvu.

"Ni nini hicho?"

"Tazama."

Limi aliyaona maji. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale, miguu imenyooshwa kama mtoto, akayatazama yanavyotoka kwenye ufa, akatazama kule yanakopotelea ardhini upande wa uzio, na Vumilia akaona uso wa dada yake unabadilika.

"Walikuwa wanayasikia," Limi alisema.

"Nani?"

"Wale tisa. Walikuwa wanakuja mahali pamoja, wanabandika pua pamoja. Nilidhani wanatamani majani. Walikuwa wanasikia harufu ya maji, Vumi. Wamekufa kwa kiu hatua hamsini kutoka hapa, na mimi nimesimama na fimbo nawazuia." Alijifunika mdomo kwa kanga. "Baba alisema. Baba alituambia, na mimi nikawa nalinda maneno yako badala ya kuamini ya kwake."

Vumilia alikaa karibu naye, bega kwa bega. "Yule mtamba," alisema. "Nilikosea. Watu walikuwa na njaa na wewe ulikuwa peke yako. Ningekuwa mimi ningemchinja vilevile. Nisamehe, dada."

Limi aliinama, mabega yanatikisika. Vumilia alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kulikuwa na kitu kingine pia kinachopanda katikati ya kilio.

"Nyama yenyewe ilikuwa ngumu," Limi alisema. Akajipangusa pua. "Na hili fungu lako, ningejua lina haya, ningelila siku ile ile."

Vumilia alicheka hadi akalala chali kwenye majani, na juu yake matawi yalikuwa yanasogea na kuruhusu vipande vya mbingu. Limi alikunywa kwa viganja, akanywa tena, akamwosha mdogo wake uso kwa nguvu zile zile za zamani, kana kwamba bado wana miaka sita na kumi na tatu na wanakwenda kanisani.

Donatus aliambiwa arudi Geita na gari tupu. Alinung'unika, akauliza na duara je, akaambiwa vijana watoe zana zao na wasishuke tena. Makoye alileta panga. Vumilia alitaka kuanza kukata mahali popote, lakini Limi akamshika mkono na kumpeleka hatua ishirini mbele, pale walipobandika pua wale tisa, ambapo ardhi ya nje ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu.

"Hapa," alisema. "Fungua hapa. Na ufunge macho unapokata, maziwa yake yanapofusha. Si hivyo. Lete nikuonyeshe. Wewe hujabadilika, hujui hata kushika panga."

Vumilia, aliyeishi na magogo miaka yote ile, alimpa panga akasogea pembeni. Limi alikata minyaa yake mwenyewe, shina kwa shina, hadi pakawa na mlango wa kupita ng'ombe. Wale sita hawakuswagwa. Waliinua pua zao, wakapita mmoja mmoja katikati ya dada wawili, na wakaenda moja kwa moja kwenye maji.